Injini Nayo Ina Pua

Wanangu wa kidato cha kwanza, kaeni chini mnisikilize, maana mzee wenu nimechoka. Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mgongo unaniuma kila ninapotumwa maji, na gari likipita nashika kiuno nasema, "Enzi zetu sisi..." Mama akinisikia hunirushia kandambili. Lakini mstaafu ni mstaafu, kandambili haiondoi heshima.

Kazi niliyostaafu ni ya spana boi katika gereji ya Fundi Kitwana, kule mtaa wa Gerezani, nyuma ya karakana za reli. Nikisema gereji msije mkafikiria makubwa. Ni mabati machache, mnyororo wa kunyanyulia injini, na shimo la kuingia chini ya gari ambalo mvua ikinyesha vyura wanahamia na familia zao. Hapo nimefanya kazi likizo zote, na kila Jumamosi ambayo shule haikutupeleka shambani kulima mihogo kwa jina la kujitegemea. Sasa mtihani wa kidato cha nne unanikodolea macho, nafasi yangu iko wazi, na nimesikia wawili kati yenu mmeshaanza kumwamkia Fundi shikamoo mbili mbili kwa mpigo. Hamtapata kazi kwa shikamoo. Nisikilizeni kwanza.

Nitawafundisha jambo moja tu, la injini inayocheua. Mengine Fundi atawafundisha kwa teke.

Injini, wanangu, ni kama shangazi aliyeshiba futari. Mkitazama kwa nje ametulia, lakini ndani kuna mambo. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, na kiunoni imevaa ringi, kama shanga. Kazi ya ringi ni kuuzuia moto wa juu usishuke chini kwenye oili. Ringi zikichakaa, au zikiganda kwa masizi, ule moto unapenya pembeni, unashuka tumboni mwa injini na kuipuliza oili. Hata injini mpya hupenyeza kidogo, msiitukane. Ndiyo maana aliyeiunda akaiwekea pua: bomba la kupumulia, linalotoka ubavuni. Gesi kidogo ikipita puani, hakuna neno. Ikizidi, inatoka na oili na moshi. Hapo sisi wa Gerezani tunasema gari linacheua.

Utajuaje kama linacheua sana? Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili, kigeuze juu chini, kiweke juu ya tundu lake bila kukifunga. Kikitetemeka kidogo kama mtu mwenye baridi, nenda kanywe chai. Kikianza kucheza mdumange, kaa mkao wa kazi. Kikiruka, usikimbilie kukidaka. Kina moto.

Wiki yangu ya kwanza Fundi Kitwana aliniambia, "Profesa," ndivyo alivyoniita kwa sababu nilikwenda kazini na kalamu mfukoni, "hebu inama uchungulie kwenye tundu, uniambie unaona nini."

Nikainama. Injini ikanitemea.

"Umeona nini?"

"Sioni kitu, Fundi. Nina oili machoni."

"Basi umeona vizuri. Hiyo ndiyo dalili yenyewe."

Nilirudi nyumbani na madoadoa kama kanga wa porini. Mdogo wangu alinihesabu madoa usoni mpaka akalala.

Kuna kipimo cha pili, cha kidole gumba. Fungua plagi zote, ondoa waya wa umeme usije ukarushwa mpaka Ilala, halafu ziba tundu la plagi kwa gumba huku mwenzio anazungusha hendeli. Silinda yenye afya inakisukuma kidole kwa kishindo, "Pah!", kama mtu anayekukatalia posa. Silinda mgonjwa inakunong'oneza, "Fff." Ukiipata ya kunong'ona, itilie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipata nguvu, ugonjwa uko kwenye ringi, kwa sababu oili imeziba ule upenyo kwa muda. Ikiendelea kunong'ona, zisingizie valvu. Kijiko hicho usikirudishe jikoni. Mimi nilikirudisha, na uji wa asubuhi ile baba anausimulia mpaka leo.

Sasa niwaambie habari za Pijo la Mzee Awadhi. Somo zima limo humo, na ndilo lililonistaafisha.

Mzee Awadhi ana duka la vitambaa Mtaa wa Sikukuu, pale Kariakoo. Babu zake walitoka Uarabuni, yeye mwenyewe ametoka Kariakoo, na ukimchokoza atakuapia kuwa hata Pemba hajafika. Siku hizi dukani vitambaa vyenyewe ni vya kuwindwa, lakini yeye hukosi kumkuta kanzu imepigwa pasi, kofia imenyooka, na ndani ya mkono wa kanzu leso nyeupe iliyofukizwa udi. Mzee safi mpaka unatamani kumpaka grisi kidogo. Gari lake ni Pijo 404 lililokuwa jeupe enzi za ujana wake, na hilo gari ndilo aibu yake pekee duniani. Lilikuwa likitoa moshi wa buluu kwa chini, likidondosha oili kila liliposimama. Kinyozi Shomari, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka, alikuwa hamwachi.

"Awadhi," kinyozi anasema huku wembe uko shingoni mwa mteja, "gari lako likipita mbu wote wanahama. Watu wa afya wangekupa mshahara."

Siku moja maneno yakamfika shingoni. Akasimama mbele ya wateja wote wa kinyozi, akaapa kwamba binti yake Salma, akiolewa, hatapanda teksi wala gari la kuazima. Atapelekwa kwa mumewe Magomeni na Pijo hilohilo. Kinyozi akauliza, "Atafika mweupe au wa kijivu?" Watu wakacheka. Kiapo kikawa kiapo.

Posa ilikuja, mahari ikatoka, siku ikapangwa. Bwana harusi, Jumaa, anafanya kazi kiwandani, zamu yake haikumpa siku nyingine ila Jumapili. Na Jumapili mnaijua wenyewe: petroli ya nchi ni ya kubana, saa nane mchana ikigonga gari la mtu binafsi halitakiwi barabarani. Ndoa ifungwe baada ya adhuhuri, pilau iliwe, biharusi avuke Jangwani afike Magomeni kabla ya saa nane. Asipofika, gari linakamatwa na yeye ndani. Mama mkwe, Bi Kidawa, mwanamke ambaye hata jua huomba ruhusa kwake kabla ya kuchomoza, alikuwa ameshatuma salamu: "Mkwe wangu asije akaletwa kwa miguu kama gunia la mkaa."

Jumatatu ya wiki ya harusi, Mzee Awadhi akatokea gereji.

"Shikamoo, Mzee Awadhi."

"Marahaba. Fundi yuko?"

"Yuko shimoni."

"Inna lillahi! Lini?"

"Hapana, mzee. Yuko chini ya gari."

Fundi Kitwana akatoa kichwa, akafuta mikono kwenye suruali ambayo ilikuwa chafu kuliko mikono. Mzee Awadhi akaeleza. Moshi wa chini ulikuwa umekatika wenyewe mwezi uliopita, akamshukuru Mungu. Lakini tangu hapo mambo yameharibika zaidi. Boneti ukilifungua, injini yote imeoga oili. Kile kijiti cha kupimia oili kinachomoka chenyewe gari likiwa linatembea. Na harufu inaingia ndani mpaka mkewe anapanda na limau puani.

Fundi akaliwasha. Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akakiweka juu ya tundu. Wanangu, hakikucheza. Kiliruka papo hapo, kikapita juu ya kichwa changu, kikatua kwenye sufuria la uji la mama anayetuuzia uji pale mlangoni.

"Hicho nacho nakilipisha!" mama akasema, akakiopoa kwa upawa.

Nikaropoka, "Ringi kwisha hapo! Hili la kuzika."

Mzee Awadhi akakaa juu ya tairi, kanzu yake nyeupe na tairi letu jeusi, hakujali. Alijua kama tulivyojua kwamba ringi mpya mjini hakuna. Ukiuliza kwenye maduka ya vipuri unaambiwa usubiri meli, na meli nayo inasubiri fedha za kigeni.

"Profesa," Fundi akasema, "wewe ukimkuta mtu amelala chali, unamchimbia kaburi kwanza au unamtazama puani?"

"Namtazama puani."

"Ingia chini."

Nikaingia shimoni. Bomba la kupumulia la Pijo lile limeshushwa mpaka chini, mdomo wake unatazama ardhi. Nikaliangaza na tochi. Lilikuwa limezibwa, limekazwa kwelikweli. Nikachomeka bisibisi, nikavuta, nikavuta tena, kikatoka kitu na pumzi ya oili juu yake, pwaa! usoni kwangu. Gunzi la hindi.

"Fundi! Kuna gunzi humu!"

Nikachungulia. Fundi alikuwa anamtazama Mzee Awadhi. Mzee Awadhi alikuwa anatazama mabehewa ya reli kama mtu anayetaka kuyanunua.

"Panya hao," Fundi akasema.

"Panya gani, Fundi? Gunzi limechongwa kwa kisu, kichwa kimezungushiwa kitambaa. Tena kitambaa kizuri, cha dukani..."

Mguu wa Fundi ukanifikia begani. "Panya wa Kariakoo wana visu," akasema. "Na maduka wanayo. Panda juu."

Mnaelewa? Mzee wa watu alikuwa amechoka na kinyozi. Akaona moshi unatoka mahali fulani, akapaziba mahali hapo, kama unavyomziba mtoto mdomo mbele ya wageni. Moshi ulikoma kweli. Lakini gesi ilikuwa palepale tumboni, inatafuta mlango, ndiyo ikaanza kusukuma kijiti cha oili na kupenya kwenye kila mshono. Andikeni hili hata kama hamna madaftari: kabla hujahukumu ringi, angalia pua. Nusu ya magari mnayoambiwa yanakufa yana mafua tu.

Mzee alipoondoka nilimwuliza Fundi kwa nini hakumwambia ukweli.

"Nimemwambia," Fundi akasema. "Wewe umemsikia akibisha habari za panya?"

Sasa msidhani gunzi lilimaliza kazi. Tulirudisha kifuniko juu ya tundu, kikawa kinacheza, lakini cheza ya mtu mzima, hakikuruka. Pua ikaanza tena kutoa moshi wake wa zamani. Tukapima kwa gumba. Silinda ya kwanza, Pah! Ya pili, Pah! Ya tatu, Fff. Ya nne, Pah! Ya tatu ikapewa kijiko cha oili, ikasema Pah, ingawa kwa aibu. Ringi, basi.

Fundi akasema ringi zikichakaa huchakaa zote kama meno ya bibi. Moja ikilegea peke yake, mara nyingi imeganda tu kwenye mfereji wake kwa masizi, hasa kwa oili hizi za kuokoteza tunazotumia. Dawa yake, mafuta ya taa yachanganywe na oili kidogo, yamiminwe kwenye tundu la plagi, yaachwe yaloweke mpaka kesho yake, huku mara mojamoja unazungusha injini kwa mkono ili ringi zikumbuke kazi. Baadaye mwaga oili yote ya chini, kwa sababu mafuta ya taa yameshajipenyeza humo na kuizimua. Anayesahau hatua hiyo atanunua injini, kama zipo za kununua. Oili mpya ilitoka chini ya kitanda cha Fundi. Alikuwa anaitunza kama watu wengine wanavyotunza sanda.

Siku ya kuliwasha, nilipewa heshima ya ufunguo. Fundi alisema ni heshima. Yeye mwenyewe alikwenda kusimama mbali.

Wanangu, moshi ule! Uliotoka kwenye eksozi ulikuwa mweupe, mnene, wa kukata kwa kisu ukaweka kwenye sahani. Ukafunika gereji, ukafunika uji, ukavuka barabara. Mgambo alikuja mbio akipuliza filimbi. Watu wa karakana ya reli wakatoka na ndoo za mchanga. Nikasikia mama wa uji ndani ya wingu akisema, "Anayetaka bila moshi aongeze." Lilipokatika, kila mtu alikuwa na machozi, na Fundi peke yake alikuwa anatabasamu. Gumba kwenye silinda ya tatu: Pah! Si Pah ya kijana, lakini Pah. Kifuniko juu ya tundu kikatetemeka tu.

Moshi wa puani ulibaki kidogo. Hautaisha, Fundi akamwambia Mzee Awadhi, mpaka ringi mpya zije. Ila tutaupeleka mbali. Tukaunganisha mpira mrefu kwenye bomba la kupumulia, tukaupitisha chini ya gari mpaka nyuma kabisa, tukaufunga kwa waya chini ya bampa, ili harufu isimwingie biharusi. Fundi akamshika Mzee mkono.

"Mzee wangu, nakuomba jambo moja. Utauona moshi huko nyuma. Uache. Na panya wako waambie wauache."

Mzee Awadhi akajibu, "Inshallah." Mtu mzima akijibu hivyo huku anatazama pembeni, wanangu, hamjakubaliana kitu.

Jumapili ikafika. Mtaa wa Sikukuu ulijaa mpaka kinyozi Shomari akafunga kibanda aje kushuhudia vizuri. Ndoa ikafungwa, pilau likaliwa. Akina mama wakatangulia kwa miguu na vigoma vyao kuelekea Jangwani. Fundi Kitwana, ndani ya kanzu ya kuazima, akakaa kwenye usukani. Mzee Awadhi pembeni yake. Nyuma, Salma na somo yake, kungwi mmoja mnene aliyechukua nafasi ya watu wawili na ushauri wa watu kumi. Mimi nilipakiwa kwenye buti, mlango wa buti wazi, miguu inaning'inia, na kopo la oili la akiba kifuani. Nilivaa shati la shule. Ndilo jeupe pekee nililokuwa nalo.

Nilikuwa nimekwenda kuchukua kopo hilo dukani kwa Mzee wakati gari linanguruma tayari. Niliporudi niliona Mzee Awadhi anainuka kutoka nyuma ya gari, anapangusa magoti. Nikadhani ameangusha kitu. Gari likaondoka, vigelegele, na nikachungulia chini ya bampa: moshi hakuna. Hata kidogo! Nikajisifu mwenyewe, wanangu. Nikasema dawa imekubali. Nilimpungia mkono kinyozi kama waziri.

Tulipofika bondeni Jangwani, tukiwa tumewakaribia wale akina mama wa vigoma, nikasikia "Tuf!" mbele, kisha "Tiii!" Kitu chembamba kikatoka chini ya gari, kikarukaruka barabarani, kikatumbukia kwenye matope ya bondeni. Kijiti cha oili. Halafu moshi ukatoka, lakini si nyuma. Ulitoka kwenye boneti, ukaingia ndani. Somo akaanza kukohoa kwa mdundo. Fundi akasimamisha gari.

Nikakimbia mbele, nikafungua boneti bila kufikiri. Tundu la kijiti lilikuwa linasubiri mtu wa kumtemea, nikafika mimi. Shati la shule likaisha palepale.

Akina mama wakatuzunguka. Ng'ambo ya bonde, upande wa Magomeni, askari wa barabarani alikuwa amesimama anatazama saa yake, anatutazama sisi, anatazama saa.

"Zima!" nikapiga kelele. Fundi akazima, akatoka, akanitazama mimi, akatazama mpira chini ya gari. Nikaenda nyuma, nikalala chini, nikashika mdomo wa mpira. Umezibwa. Nikavuta. Kikatoka kitambaa cheupe, kimekunjwa vizuri, kimesokomezwa kwa ustadi.

Mzee Awadhi alikuwa ameshuka. Amesimama wima, kofia imenyooka, anatazama bonde la Jangwani kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuliona. Mkono mmoja umeshika mkono wa kanzu, pale leso inapokaaga. Akina mama wameshusha vigoma. Wote wanasubiri kuambiwa.

Fundi akakichukua kile kitambaa haraka, akakificha nyuma ya mgongo.

"Jiwe," akatangaza. "Jiwe la njiani limeziba mpira. Jambo dogo."

"Jiwe kubwa?" mama mmoja akauliza.

"La wastani," nikasema mimi. Nilikuwa nimeshajifunza habari za panya.

Basi ndani ya gari, chini ya shela, ikatoka sauti ya Salma ambaye tangu asubuhi hakuna aliyemsikia, kwa sababu biharusi hasemi.

"Fundi, jiwe gani hilo linanukia udi?"

Sikilizeni, nimewahi kuona injini ikikwama. Nilikuwa sijaona umma wa watu ukikwama. Somo alitaka kumfinya, akakuta ameshafungua mlango, ameweka mguu wenye hina barabarani. Akamtazama baba yake.

"Baba," akasema, taratibu, si kwa ukali. "Liache lipumue. Mimi naolewa na Jumaa. Siolewi na kinyozi."

Mzee Awadhi akautazama ule mpira. Halafu tumbo likaanza kutikisika ndani ya kanzu. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, wanangu, kicheko cha mtu aliyezibwa mwezi mzima. Akina mama nao wakapasuka, vigelegele mpaka askari kule ng'ambo akavua kofia kujikuna.

Ilibaki shida ya kijiti. Hakionekani, na tundu lake likiachwa wazi oili yote itaishia njiani. Nikawa nakata kipande cha shati langu, lilikuwa limeshakufa. Fundi akanizuia. Akamkabidhi Mzee Awadhi ile leso.

"Hii ni yako, mzee. Imekosea tundu tu."

Mzee akaikunja mwenyewe, kwa ustadi uleule, akaisokomeza kwenye tundu la kijiti mpaka ikakaza. Hapo ndipo mahali pake, wanangu. Tundu la kijiti lifungwe, pua iachwe wazi. Ukichanganya hayo mawili, hata ukiwa na ringi za dhahabu utasimama Jangwani. Nikamimina oili ya kopo, Fundi akawasha, na moshi ukatoka nyuma kwa raha zake, wa buluu, mrefu, chini ya miguu yangu. Tukapanda Magomeni. Askari akatupisha, akaonyesha saa yake kwa kidole: bado dakika chache. Redio za majirani zilikuwa hazijagonga saa nane.

Mtaani kwa Bi Kidawa tulikuta umati umeshapangwa pande zote mbili, mikeka imetandikwa, ubani unafuka, kanga zimetandazwa njiani. Mzee Awadhi akashuka, akatazama nyuma ya gari, moshi bado unatoka. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye mkono wa kanzu kutafuta leso, ukakuta hakuna.

"Utusamehe, mama," akaanza, "gari letu hili..."

"Nikusamehe nini?" Bi Kidawa akamkata. "Tumekaa hapa tangu saa saba, watu wanachoka, wengine washaanza kuondoka. Nikamwambia mjukuu wangu, panda ukutani utazame bondeni. Akaniambia, bibi, kuna moshi wa buluu unakuja. Nikasema haya, tandikeni, mkwe wangu huyo!" Akamgeukia Salma, akamwinamia. "Karibu, mwanangu. Umekuja tumekuona."

Mzee Awadhi siku hizi ndiye anayemchokoza kinyozi. Anakaa kwenye kiti, anapakwa povu, anasema, "Shomari, moshi wangu umeonekana Magomeni. Wewe umeonekana wapi?"

Ama mimi, nilirudi nyumbani na shati lile. Mama hakunirushia kandambili. Alinitazama tu, na hiyo ni mbaya zaidi, maana kitambaa cha sare ni cha foleni na bahati. Akasema, "Kazi imekwisha." Ndivyo nilivyostaafu, bila sherehe. Siku ya pili Mzee Awadhi akaleta kipande cha kitambaa cheupe cha drili, akamwambia mama kuwa panya wa dukani walikuwa wameanza kukitafuna, afadhali kishonwe mapema. Mama akakikagua kwenye mwanga, akakuta hakina hata alama moja ya jino, akataka kusema. Nikamkanyaga mguu.

Kwa hiyo ninyi mtakaonirithi, shati la shule liacheni nyumbani. Fundi akisema inama uchungulie, msiiname. Na Pijo la Mzee Awadhi likiletwa, mtaona kwenye tundu la kijiti kitambaa kilichokuwa cheupe, kimekakamaa kwa oili. Kijiti kipya kinasubiri meli. Msikitoe kitambaa hicho, na msiulize ni cha nani. Inameni tu mkinuse.